Kurudi Koboko Bila Kamba

Haipiti wiki bila kijana kuja barazani kwangu hapa Koboko na simu mkononi, picha ya gari imejaa kwenye kioo, aniulize: "Mzee, hii iko nzuri?" Huwa naitazama picha kwa adabu. Gari limeoshwa likang'aa, limepigwa picha upande ule ambao halijagongwa, na matairi yamepakwa kitu cheusi ili yaonekane mapya. Ninyi wanangu mnachagua gari kama mtu anavyochagua viatu vya Idi. Nikiwauliza limebeba nini huko lilikotoka, mnatazamana na kucheka, mkidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Nimestaafu tu, kwa sababu magoti yamekataa klachi. Maisha yangu yote nimekula kwa usukani. Nimeendesha malori ya tumbaku, pikapu za soko, hata gari la maiti kwa muda mfupi, kazi niliyoiacha kwa vile abiria hawakuwa na mazungumzo. Na katikati ya hayo yote nilikuwa dereva wa mbio. Ndiyo, mimi huyu, msinitazame tumbo. Wengi wenu hamjui kwamba kabla ya lami kufika, barabara hii ya Koboko hadi Arua ilikuwa na mbio zake, na watu waliacha majembe shambani waje kuziona.

Msifikirie yale magari ya kwenye televisheni, yaliyobandikwa matangazo kila mahali kama ukuta wa duka. Zetu zilikuwa mbio za magari ya kazi. Gari lililobeba mihogo Jumamosi ndilo hilo hilo lililoshindana Jumapili. Hakuna kukata springi, hakuna kubadilisha injini. Ndani wanakaa watu wawili, dereva na wa kumsaidia. Waandaaji walikuwa wafanyabiashara wa soko, na sheria waliyoilinda kuliko zote ilikuwa ya gunia: kila gari libebe gunia la biashara yake lenyewe, kwenda na kurudi, na gunia lifike likiwa bado limeshonwa. Nimesikia kwamba kwingine madereva huweka mchanga nyuma ili mkia wa gari usicheze kwenye kona. Koboko nani abebe mchanga hadi Arua halafu arudi nao? Sisi tulibeba mihogo mikavu, karanga, simsim, na mbio zikiisha magunia yanafunguliwa, watu wanapika, wanakula. Aliyeshinda anakula, na aliyeingia mtaroni naye anakula huku akichekwa.

Aliyenifundisha kuchagua gari alikuwa fundi mmoja wa Ediofe, pale Arua, aliyeitwa Ezekieli. Gereji yake ilikuwa chini ya mikaratusi karibu na njia ya kwenda kanisa kuu, naye aliimba kwaya. Saa ya mazoezi ikifika, hata kama gari lako limebaki na tairi tatu juu ya mawe, unamsubiri mpaka amalize kumwimbia Mungu. Yeye Mkatoliki wa kupindukia, mimi Mwislamu wa Koboko, mtoto wa askari niliyejifunza Kiswahili kambini. Tulipatana vizuri sana. Alinitukana kila siku na sikumbuki hata mara moja aliponitukana bila sababu.

Gari langu la kwanza la mbio nililichagua kwa macho, kama mnavyofanya ninyi. Lilikuwa Datsun ya buluu, buluu ya kupendeza, na nililipeleka kwa Ezekieli huku nimejaa sifa. Hakufungua boneti. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akanusa, akakitoa. Akaniuliza limebeba nini. Nikasema sijui. Akasema basi nitajua.

Nilijua siku ya mbio, jua lilipopanda. Datsun yangu ilikuwa imekaa miaka ikibeba samaki wa chumvi kutoka Rhino Camp, na yale maji ya samaki yalikuwa yamelala chini ya sakafu yakinisubiri. Msaidizi wangu alitapika kabla hatujafika Maracha, katikati ya njia. Kila kituo tulichopita mbwa walitoka kutukimbiza. Kule Arua, mahali pa kugeukia, mbwa mmoja alikaa mbele ya bampa akakataa kabisa kuondoka, mpaka watu wakamtoa kwa fimbo huku wanacheka machozi yanawatoka. Na nilipotaka kukanyaga breki kwa nguvu kwenye mteremko, sakafu ikabonyea, maana chumvi ilikuwa imeila ikabaki kama karatasi. Niliona barabara inapita chini ya mguu wangu. Nilipolirudisha gereji, Ezekieli hakucheka hata kidogo. Alinipa ndoo na sabuni, akarudi kwenye kazi yake.

Tangu siku hiyo nauliza gari limebeba nini. Gari la mawe halisimami sawa. Lipaki mahali tambarare, rudi nyuma, litazame kama unavyomtazama mtu anayeumwa mgongo. Gari la makaa lina vumbi jeusi kwenye bawaba za milango, nalo si baya, makaa ni mepesi. Gari la kubeba watu, angalia ngazi na mahali pa kushikia, hapo ndipo uchovu wake unapoonekana. Na gari la bosi, ambalo halijabeba kitu ila bosi, utalikuta na kiti kimoja kilichozama na vingine vipya. Wengi hulikimbilia hilo. Mimi hulitazama kwa wasiwasi kidogo, kwa sababu halijawahi kuumwa mbele za watu, na hujui siku likiumwa litaumwa nini.

Mambo mengine niliyojifunza hayana faida kwenu tena. Kwenye murram, ile barabara ya udongo mwekundu, ukikaa nyuma ya gari lingine huoni kitu ila vumbi jekundu, basi tulikuwa tunainua macho, tunafuata vilele vya miti ya pembeni. Miti ikikata kona, na wewe unakata. Sasa kuna lami, mnaendesha kwa mkono mmoja na wa pili unaandika ujumbe. Gari lenyewe linawaambia linaumwa, linawasha taa pale mbele yenu. Na mnafanya nini? Juzi nimeona kijana amebandika stika ya timu yake ya mpira juu ya taa ya injini ili isimsumbue. Nilitaka kulia.

Lakini nilitaka kuwasimulia juu ya Pijo ya Mama Zubeda.

Mama Zubeda alikuwa mke wa rafiki yangu Abdu, askari mstaafu aliyekuwa na pikapu ya Pijo, zile ngumu za zamani. Walifanya biashara ya mihogo. Wananunua Dranya kwa wakulima, wanauza hapa sokoni Koboko. Msimu wa mavuno ukiwa mkali, Abdu aliniita nimsaidie kuendesha, kwa hiyo gari lile nililijua kama nguo yangu. Kisha Abdu akaugua muda mrefu, gari likasimama uani, na hatimaye Mungu akamchukua.

Mjane alipotoka eda, Swaibu, mdogo wake Abdu, akaitisha kikao cha ukoo. Msimwone Swaibu kama mtu mbaya. Alikuwa ameona magari mengi ya marehemu yakioza uani mpaka kuku wanatagia kwenye viti, na alikuwa amepata mnunuzi wa vyuma kule Oraba, mpakani. Aliona ni heri liuzwe sasa kuliko kungoja lisifae hata kwa vyuma. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa vile nililijua gari. Swaibu akasema, "Hii gari iko maiti. Maiti hapana kukaa ndani ya boma. Tuuze."

Mama Zubeda alijibu kwa sauti ya chini kwamba gari halikufa, lilisimama kwa sababu mwenyewe alikuwa amelala kitandani. Kila mtu pale alijua ni nini kilichokuwa kinasemwa. Bila gari, mihogo ya Dranya ingemfikia kwa baiskeli, kidogo kidogo, wakati wenzake sokoni wanashusha magunia. Meza yake ingekufa. Na meza ikifa, mjane asiye na mtoto mkubwa angebaki akila kwa huruma ya mashemeji, au angefunga virago arudi kwa kaka zake Logiri, alikotoka akiwa msichana, akaanze tena kulima shamba la watu wengine. Hakuyasema hayo. Alisema tu kwamba gari linaweza kwenda Arua na kurudi, na gunia mgongoni, pamoja na magari ya wengine, siku ya mbio, kila mtu akiona.

Watu waliguna. Swaibu akacheka, si kwa ubaya, akasema likifika hata Maracha yeye atanyoa ndevu. Aliyekata shauri alikuwa Mzee Khemis, baba yao mdogo, sajenti wa zamani aliyezoea amri fupi. Alisema, "Ikienda na ikirudi na miguu yake, iko ya mama. Ikirudi na kamba, Swaibu anauza. Maneno imekwisha."

Kamba ilikuwa kitu cha kweli kwenye mbio zetu. Nyuma ya magari yote lilikuja lori la waandaaji lenye kamba nene ya mkonge, na gari lililokufa njiani lilifungwa likavutwa mpaka Koboko, huku wanawake wanalipigia mayowe ya matanga. Ilikuwa aibu ambayo dereva aliibeba mwaka mzima.

Sasa sikilizeni taabu yangu. Wiki hiyo hiyo, mfanyabiashara mmoja kijana aliyeitwa Lado, mtu wa Sudan Kusini aliyekuwa na duka hapa, alikuwa ameleta Subaru. Hatukuwa tumezoea kuona Subaru huku. Alikuwa anaitumia kubeba mitumba, hivyo iliruhusiwa kwenye mbio, na alinitaka mimi niiendeshe. Aliniwashia injini mbele ya duka. Jamani, nilisikia sauti ile kifuani. Nilikuwa nimeshika nafasi ya pili na ya tatu miaka mingi, na nilijua kabisa kwamba nikikaa ndani ya gari lile, mwaka ule hakuna ambaye angeniona hata mgongo. Niliota kuliendesha hata nikiwa macho.

Mama Zubeda alinikuta kwa Lado, kitambaa mkononi, nafuta vumbi kwenye gari lisilo langu. Hakunilaumu. Alisimama upande wa pili wa boneti akasema, "Baba Aisha, mimi hapana taka gari yangu ishinde. Mimi nataka irudi tu. Hapa Koboko ni nani mwingine anaijua?"

Niliomba anipe nafasi ya kufikiri. Nikaenda Arua kwa Ezekieli, na nikiwa mkweli nilienda nikitumaini atanipa ruhusa ya kuchukua Subaru. Alinisikiliza akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Akaniuliza kama najua Subaru ya Lado ikipata joto inaumwa wapi. Nikasema sijui, ni mpya machoni pangu. Akaniuliza kuhusu Pijo. Hapo nikaanza kuyamwaga: klachi inateleza ikipanda mlima na mzigo, rejeta inakunywa maji kama ng'ombe, gia ya tatu haitaki haraka, inataka kubembelezwa. Nilipomaliza, Ezekieli akajivuta akatoka, akakaa akinitazama. "Basi wewe iko daktari yake," akasema. "Mugonjwa anakuita, unaenda kwa mutu mwenye hapana ugonjwa?" Nilirudi Koboko nimenuna njia nzima. Lado alipopata jibu langu alishangaa, akanihurumia, akamchukua dereva mwingine bila kinyongo.

Nikaingia chini ya Pijo. Nilifanya kazi kwa moyo wote, lazima niseme. Niliosha tangi, nikafunga springi iliyolegea, nikaziba rejeta, nikabadilisha sahani ya klachi kwa spea niliyoipata kwa jasho. Nilipoiwasha, moshi ulitoka mweusi, kisha wa kijivu, kisha hakuna moshi. Swaibu alikuja kutazama akaondoka, na ndevu zake nilikuwa nimeshaanza kuzihesabu kwenye sakafu ya kinyozi.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukigusa, kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi. Zamani, Abdu akiwa mzima, kebo ya mafuta ilitukatikia Dranya katikati ya mavuno. Mnajua Dranya, spea pekee utakayopata hapo ni ya baiskeli. Basi nilinunua waya wa breki ya baiskeli kwa fundi wa pale senta, penye maduka, nikaufunga kutoka kwenye pedali hadi kwenye kabureta, na ukavuta vizuri. Ukavuta vizuri msimu ule, na uliofuata, na mwingine, mpaka nikasahau kwamba ulikuwa wa baiskeli. Sababu ni kwamba dereva wa soko hakanyagi mafuta mpaka chini. Ana mzigo, ana mashimo, ana askari wa barabarani, anakanyaga nusu. Dereva wa mbio ndiye anayekanyaga mpaka chini.

Siku ya mbio Mama Zubeda alipanda kiti cha msaidizi yeye mwenyewe. Wapo walioguna, mjane kukaa mbele na mwanamume wa watu. Akawaambia gari ni lake, gunia ni lake, na Mzee Khemis hakumkataza. Alijifunga kitenge chake cha pili kiunoni, akashika dirisha, tukaondoka.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Pijo ile ilikuwa imekaa kimya muda mrefu na sasa ilitaka kuongea. Iliruka mashimo bila kulalamika, mihogo nyuma ikaituliza mkia, na Mama Zubeda alikuwa msaidizi kuliko wanaume wengi niliowahi kubeba. Barabara ile aliijua kwa kila tuta. Alikuwa ananiambia mapema, kona inakuja, daraja lina ubao uliovunjika, hapa mbuzi huvuka. Subaru ilitupita kabla ya Maracha kama vile sisi tumepaki, na sitawadanganya, roho iliniuma. Tulipogeuka Arua nilimwona Ezekieli amesimama pembeni na joho lake la kwaya, ameinamisha kichwa, anasikiliza injini. Aliinua mkono. Kwa Ezekieli hiyo ilikuwa sherehe.

Tukiwa tunarudi, tumeipita Maracha, kuna mlima ambao lami siku hizi imeulainisha, hamuuoni tena. Wakati ule ulikuwa mlima kweli. Nikakanyaga mafuta mpaka chini ili klachi isipate nafasi ya kuteleza. Nikasikia kitu kimelia, ting, na pedali ikalala sakafuni. Injini ilishuka ikabaki inanong'ona, na Pijo ikasimama katikati ya mlima.

Nilifungua boneti. Waya wa baiskeli ulikuwa umekatika ukafumuka kama mkia wa panya. Nilijua mara moja, na nikajua kwamba mahali pale hapakuwa na baiskeli, hapakuwa na senta, palikuwa na nyasi na sisi wawili. Magari tuliyokuwa tumeyaacha nyuma yakatupita moja moja, watu wananyanyua mikono kutupa pole. Kisha lori la waandaaji likatokea chini ya mlima. Dereva wake akashuka, mtu mpole, akaanza kukunjua kamba. Aliniambia hakuna aibu, gari ni la siku nyingi, kila mtu ataelewa.

Mama Zubeda alikuwa ameshashuka. Alitazama ndani ya boneti, akaniuliza kile kilichokatika kazi yake ni nini. Nikamwonyesha kimkono kidogo cha kabureta: kikivutwa, gari linakwenda, kikiachiwa, springi yake inakirudisha, gari linapoa. Akakivuta kwa kidole. Injini ikanguruma. Akakiachia, ikarudi kunong'ona. Akamgeukia dereva wa lori akasema, "Kamba yako hapana fungua. Iweke."

Alifungua kile kitenge cha kiunoni, akakiuma upindo kwa meno, akakichana urefu wake wote. Tukausokota ukanda ule, nikaufunga kwenye kabureta, nikaupitisha kwenye upenyo wa boneti mbele ya kioo, ukaingia dirishani upande wake. Boneti tukaiegesha bila kuifunga. Mimi nishike usukani, gia, klachi na breki. Mafuta ayashike yeye.

Wanangu, kuendesha gari ni kazi ya mtu mmoja, na sasa mjue kwa nini. Nilipiga kelele "vuta", akavuta, gari likaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto. Nikapiga kelele "achia", akaachia baada ya mimi kubadilisha gia, na gia ya tatu ikanitukana mbele za watu. Kwenye mteremko aliendelea kuvuta kwa woga wa kuzimika, tukashuka kwa mwendo ambao hata Subaru isingeuthubutu. Nilisoma kila dua niliyoijua. Yeye alinitaka nisome polepole, hasikii injini.

Na kumbe ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anaisikiliza. Baada ya vilima kadhaa niligundua kwamba sikuwa napiga kelele tena. Nikikaribia kona alikuwa ameshaachia, nikitoka alikuwa anavuta, pole pole, kama mtu anayeteka maji kisimani. Nilikuwa na furaha kubwa. Nasema bila haya: katika mbio zangu zote, hakuna mahali nilipofurahi kama pale, nyuma ya kila mtu, na lori la kamba likitufuata kama fisi.

Tuliingia uwanja wa Koboko tukiwa wa mwisho. Subaru ilikuwa imeshinda na Lado alikuwa amebebwa juu juu. Watu walipoona Pijo inakuja bila kamba walianza kushangilia, kisha wakaona boneti iliyoinuka na ukanda wa kitenge unaoingia dirishani, wakaanza kusukumana waone vizuri. Nilisimama mbele ya wazee. Mama Zubeda hakuthubutu kuachia ukanda, kwa sababu injini ilikuwa imechoka na angeachia ingezima. Alikuwa ameuzungusha kwenye mkono mmoja, ule ule tangu mlimani.

Swaibu alikuwa wa kwanza kufika. Alitazama, akaelewa yote mara moja, maana hakuwa mjinga. Akasema, "Baba Aisha, hii gari hapana kuja. Nyinyi ndio mumeileta."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Gari lenye miguu yake halivutwi kwa kitenge, na mkosi wenyewe ulikuwa waya wa baiskeli nilioufunga mimi. Nilimtazama Mama Zubeda nikidhani ataomba, ataeleza, atalia. Alikuwa anatazama mbele tu, meno yameumana, anavuta.

Mzee Khemis aliinuka kwenye kiti chake. Alilizunguka gari taratibu kama anayekagua gwaride. Nyuma alipapasa mshono wa gunia, akaukuta mzima. Mbele aliinama kwenye bampa akitafuta alama ya kamba, akapitisha kidole, akakifuta vumbi kwenye kanzu. Kisha akaja dirishani kwa mjane akautazama mkono uliokuwa unavuta.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma, baba."

"Lakini haijazima."

"Haijazima."

Mzee Khemis akafungua mlango. "Sogea katikati," akamwambia. "Mimi nimechoka kusimama. Gari yako inipeleke nyumbani." Alipandisha mguu mmoja, akajivuta ndani, ukanda wa kitenge ukipita mbele ya kifua chake, akaketi na fimbo yake katikati ya magoti. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Swaibu. Panda nyuma. Shikilia gunia ya mama."

Uwanja mzima ulimtazama Swaibu. Alisimama pale akijikuna ndevu, na mimi nilidhani atakataa. Halafu akaweka mguu juu ya tairi, akapanda, akakaa chini na kuliweka gunia kati ya miguu yake.

Nilitia gia ya kwanza. Nikafungua mdomo nimwambie Mama Zubeda avute, na alikuwa ameshavuta.